Kinyozi Aliyejinyoa

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Walichosahau kutuambia ni kwamba kinyozi anaweza kujinyoa vizuri kabisa, bila hata tone la damu, na bado akajikata mahali pasipofungwa bandeji.

Huyu tunayemsema, mtaa mzima ulimwita Ndevu. Alikuwa na chumba kimoja cha kunyolea kilichotazama barabara: viti viwili, kimoja kibovu, kioo kirefu chenye ufa pembeni, feni iliyozunguka kwa kunung'unika, na benchi la wateja. Nyuma ya pazia palikuwa na kijichumba chenye godoro ambapo binti yake alipumzika mchana. Ndevu zake zilikuwa nyeusi, nzito, zimechongwa pembeni kwa ustadi na kushuka hadi kifuani. Hakuhitaji bango. Mteja akiingia na kuziona, alikaa kitini bila kuuliza. Mwenyewe alijivunia ndevu hizo, na tuseme kweli, alijivunia kupita kiasi. Tena alikuwa bingwa wa maneno, anaongea kwa kasi kuliko mashine yake, nyusi zinacheza, mikono inachora hewani. Wateja wengine walikuja kucheka zaidi ya kunyolewa.

Binti yake walimwita Kifungo. Tangu alipokuwa wa kubebwa, mtu akimpakata alishika vifungo vya shati na kuvitazama weee, uso wa mwenye shati asiwe na habari nao. Baadaye wakaambiwa ana usonji, na jina likabaki. Alipoanza kuongea, wazazi waligundua kwamba watu aliwajua kwa vipande. Fundi viatu wa mlango wa pili alikuwa ni mvi za upande mmoja. Mama yake alikuwa ni alama ya kuzaliwa shingoni. Dada mkubwa wa mama yake, ambaye kwa mtoto ni mama mkubwa, alikuwa ni hereni. Siku moja mama mkubwa alikuja bila hereni, Kifungo akampita kama anavyopita nguzo ya umeme, na mama mkubwa akanuna mpaka jioni.

Ndevu alicheka sana siku hiyo. Hakujiuliza yeye ni kipande gani. Nani hujiuliza mwanawe anamjua kwa nini?

Mambo yalianza kwenda mrama mke wake alipolazwa. Mimba ilikuwa ya shida, presha inapanda na kushuka, madaktari wakasema alale hukohuko hospitali mpaka ajifungue. Ndevu akabaki na Kifungo peke yake. Simu ikilia, roho inamruka. Isipolia, inamruka vilevile.

"Shemeji, huyu mtoto nipe mimi," mama mkubwa alimwambia. "Utanyoa watu, utakwenda hospitali, utamwangalia na yeye? Utaweza wapi?"

"Namuweza, dada."

Alijibu hivyo kwa sababu alikumbuka mara ya mwisho Kifungo alipopelekwa kwa mama mkubwa. Aliingia chini ya meza ya sebuleni na hakutoka, hakula, hakusema, mpaka walipomfuata akiwa amenyong'onyea. Mama mkubwa hakuwa mtu mbaya, alimpenda mtoto kwa dhati. Lakini nyumba ngeni ilimzima Kifungo, na Ndevu aliapa moyoni kwamba safari hii haendi popote.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Ndevu alikuwa na desturi yake: kila akiisafisha mashine na kuitia mafuta, huijaribu kwanza kwenye ndevu zake mwenyewe, pembeni kidogo, kabla haijagusa kichwa cha mteja. Anasema mteja si mahali pa majaribio. Mchana huo alikuwa amekichomoa kile kichana cha plastiki kinachozuia meno ya mashine yasifike kwenye ngozi, ili akisafishe. Simu ikalia. Ilikuwa hospitali: presha ya mkewe imepanda tena, wanamwangalia kwa karibu, asiwe na wasiwasi. Maneno gani hayo ya kumwambia mtu! Alipokata simu akaishika mashine, akaiwasha, akaipitisha chini ya shavu kwa mazoea yale yale. Kichana kilikuwa bado mezani.

Mashine ilifungua barabara ndevuni. Kutoka taya hadi karibu na sikio, nyeupe pee.

Fundi viatu, aliyekuwa amekuja kuazima mkasi, alivunjika mbavu kwa kicheko, kisha akaona uso wa mwenzake na kunyamaza. Hapakuwa na la kuokoa. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Ndevu akapaka povu, akashika wembe, akamaliza kazi. Kiooni akatokea mtu mwenye kidevu kidogo, mashavu meupe kuliko paji la uso, mtu ambaye alikuwa hajaonana naye tangu ujana.

"Kumbe hicho ndicho kidevu chako," fundi viatu akasema. "Ningekuwa wewe, na mimi ningekificha."

Pazia likasogea. Kifungo alitoka akifikicha macho, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha baba yake, akatazama pale kifuani ndevu zilipokuwa zinaishia. Akapandisha macho kidogo. Akazunguka kiti. Akachungulia chini yake.

"Baba?"

"Niko hapa, mama!" Ndevu akasema haraka, akiinama ili wawe sawa.

Mtoto alishtuka kama aliyeguswa na waya. Alitazama ukutani, mlangoni, kwa fundi viatu, popote sauti ingeweza kuwa imetokea, ila siyo kwenye mdomo uliokuwa mbele yake. Halafu akaona sakafu. Alipiga magoti, akaanza kuzikusanya zile ndevu kwa viganja viwili na kuzitia kwenye sketi.

"Hizi za baba."

"Ndiyo, mama, ni zangu, nimenyoa tu, mashine imekosea, ona, ni mimi, baba yako, nitazame, nitazame usoni!" Nyusi zilipanda, macho yakatoka, mdomo haukutulia. Kila alivyozidi kueleza ndivyo Kifungo alivyozidi kufumba macho.

"Hiyo sauti ni ya baba," akasema akiwa amefumba. "Mrudishie."

Ndevu aliwahi kutukanwa na wateja, aliwahi kufukuzwa kwenye nyumba ya kupanga, aliwahi kumzika baba yake mzazi. Hakuna lililomuuma namna hiyo.

Walifunga kazi mapema. Kifungo alikataa mkono wake, kwa hiyo Ndevu alitembea nyuma yake kama mlinzi, moyo ukimwenda mbio kila gari lilipopita. Kwenye kona ya duka la dawa pikipiki ikachomoza kwa kasi. Ndevu akamdaka mtoto mkono, akamvuta. Pikipiki ikapita. Kifungo akapiga ukelele.

"Si baba! Si baba! Si baba!"

Kuna mambo matatu hujaza watu barabarani bila kualikwa: moto, ugomvi wa wapenzi, na mtoto anayelia mikononi mwa mwanamume. Kufumba na kufumbua walikuwa wamezungukwa.

"Wewe bwana, mtoto wa nani huyo?"

"Wangu."

"Mbona anakukana?"

"Ana usonji. Mimi ni Ndevu, jamani, kinyozi wa hapo mbele!"

"Ndevu gani? Ndevu ziko wapi?"

Mmoja alimshika kola. Mwingine aliinama na alipoinuka mkono wake haukuwa mtupu. Ndevu alitazama zile nyuso, nyingi alikuwa amezinyoa kwa mikono yake, na hakuna hata moja iliyomjua. Alitaka kumwachia mtoto ili wasimpige, akaogopa barabara, akazidi kumshika, na kadiri alivyomshika ndivyo ukelele ulivyopanda. Aliwaza mkewe aliyelala kitandani, presha juu, akiletewa habari hizi.

Fundi viatu alikuja mbio, aproni kiunoni, kiatu cha mtu mkononi. "Mwacheni! Huyu ni Ndevu! Nimemwona kwa macho yangu akijinyoa!"

Watu wakamsogelea na kumkagua kama nguo ya mtumba. "Kweli," mama mmoja akasema hatimaye, "hayo masikio ni yake." Wakaanza kucheka, wakatawanyika, jiwe likatupwa kando kana kwamba halikuwahi kuwa la mtu. Kifungo akashika aproni ya fundi viatu na kwenda naye nyumbani, baba yake akifuata kwa mbali.

Asubuhi Ndevu alimwekea Kifungo chai na mkate mezani. Mtoto hakugusa mpaka baba yake alipoondoka chumbani. Basi mtu akiwa na hofu, akili nayo huomba likizo. Kule kazini Ndevu alifagia nywele za wateja, akaazima gundi ya viatu, akajibandika ndevu. Za kwake mwenyewe hakuweza kuzipata, Kifungo alizishikilia ndani ya mfuko wa karatasi na hakukubali kuziachia. Alipomaliza akajitazama kiooni, akaona si mbaya sana. Kifungo akasimama mbele yake. Akatulia. Kwa mara ya kwanza tangu jana alitulia, na Ndevu alihisi machozi yanamlenga.

"Hizi za fundi viatu," Kifungo akasema, akinyooshea kidole upande wa kushoto. "Hizi za mtu wa koti. Hizi za mtoto aliyelia." Kisha akashika na kuvuta. Gundi ya viatu, ndugu msomaji, haikutengenezwa kwa ajili ya mashavu. Yowe alilolitoa Ndevu lilimrudisha mtoto nyuma ya pazia mpaka alasiri.

Siku hiyo alipokwenda hospitali kumwona mkewe, Kifungo akiwa amebaki na fundi viatu, alifunika kidevu kwa skafu na kusema ana mafua. Mkewe akauliza, "Kifungo anasemaje?" Akajibu, "Anakula, analala." Alipotoka wodini alipitia kwa daktari wa watoto, mama wa makamo aliyekuwa anamfahamu Kifungo tangu mwanzo, akamweleza yote kwa pumzi moja. Alipofika kwenye gundi, daktari alijikaza asicheke.

"Baba, hebu tulia kwanza. Uso wa mtu haukai mahali pamoja. Nyusi zinapanda, macho yanapepesa, mdomo unafunguka, na vyote vinakwenda kwa pamoja, tena upesi. Wewe na mimi tunavikusanya bila kujua. Watoto wengine wenye usonji, si wote, vinawafikia kipande kipande. Kabla hajashika hiki, kile kimeshapita. Kwa hiyo anatafuta kitu kimoja kisichohangaika, anamjua mtu kwa hicho."

"Ndevu," Ndevu akasema.

"Ndevu. Na kwako zilifanya kazi mbili. Unaongea kama cherehani, baba, samahani kukuambia. Zile ndevu zilikuwa zinafunika nusu ya vurugu. Sasa umemletea uso mzima, mgeni, unaokimbia, halafu ndani yake inatoka sauti anayoipenda. Ungekuwa wewe usingeogopa?"

"Sasa nifanye nini? Zitarudi lini?"

"Hapo wewe ndiye mtaalamu."

"Na zikirudi, akawa bado hanijui?"

"Sijui," daktari akasema. "Nisikudanganye. Lakini usimlazimishe akutazame, na usijifanye kitu usichokuwa. Punguza mwendo. Sema kidogo, sema taratibu, kaa ubavuni kwake badala ya mbele yake. Wapo watoto ambao uso ukienda taratibu, wanaweza kuutazama."

Kumwambia Ndevu aseme kidogo ni kumwambia bata asiende majini. Lakini alikuwa ameona jiwe mkononi mwa jirani, na usiku hakupata usingizi wa maana. Akaanza. Alikaa benchini, ubavu kwa ubavu na Kifungo, nafasi ya mtu mmoja katikati, akatazama barabara kama yeye. Akiwa na neno, alilishika kwanza mdomoni mpaka lipoe.

"Naweka. Chai. Hapa."

Kisha ananyamaza. Anahesabu pumzi. Anaushika uso wake usicheze, kazi ngumu kuliko kunyoa kichwa cha mtoto mwenye kilio. Wateja walimshangaa. "Unaumwa, Ndevu?" "Amefiwa?" Wengine walihamia kwa kinyozi wa ng'ambo kutafuta vichekesho. Aliwaacha waende.

Kifungo alimpa jina: Mtu. Mwanzoni Mtu aliweka sahani na kuondoka. Baadaye Mtu akaruhusiwa kubaki sahani ikiliwa. Ile nafasi katikati ya benchi ikapungua. Siku moja, Mtu alipokuwa anasema neno moja moja kuhusu mvua, Kifungo aligeuza kichwa akautazama mdomo wake tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Ndevu alitaka kurukaruka, akajizuia. Na papo hapo hofu mpya ikamwingia: je, kama anaizoea sura ya mgeni na kumsahau baba? Kila jioni mtoto alisimama mlangoni akatazama barabara pande zote mbili, mfuko wa karatasi mkononi, halafu akaingia ndani bila kusema alikuwa anamtafuta nani.

Habari za mkasa wa duka la dawa zikamfikia mama mkubwa, zikiwa zimetiwa chumvi na pilipili. Akaja na gari la kukodi, hereni zote mbili masikioni, begi tupu la nguo begani.

"Shemeji, sikuja kubishana. Mtoto anakuita si baba mbele ya umma. Watu nusura wakuue. Mdogo wangu amelala kule anadhani mambo ni shwari. Unataka nini zaidi? Nampeleka kwangu mpaka mama yake atoke."

Ndevu aliona ukweli wote uko upande wa shemeji yake. Kama mtoto hamjui, anambakiza kwa haki ipi? Alianza kusogea kwenye pazia kuchukua nguo za Kifungo. Alikuwa amekwisha kukubali.

Kifungo alikuwa benchini. Aliziona hereni, akaliona begi, akainuka. Alikuja nyuma ya Ndevu, akashika suruali yake kwa ngumi.

"Mtu," akasema. "Mwambie siendi. Namsubiri baba."

Mama mkubwa alimtazama mtoto, akamtazama shemeji yake, na begi likamteleza begani.

Ndevu aliyashika maneno mpaka yakapoa. "Anamsubiri. Baba yake," akasema. "Mwache. Amsubiri."

"Na asipokuja, shemeji?"

Hilo ndilo lilikuwa linamkosesha usingizi. Mama mkubwa akafuta macho kwa upande wa mkono, akasema mtoto akidhurika yeye hatanyamaza, akaenda zake na gari lake. Ndevu akakaa benchini. Kifungo akakaa naye.

Ndevu hazina haraka. Mwanzo zilimfanya aonekane hajanawa. Kisha zikawasha. Kisha zikaota kwa mafungu, hapa msitu, pale uwanja, na fundi viatu akapata la kusema kila asubuhi. Ndevu alizikagua kiooni kama mkulima anayekagua shamba lililochelewa mvua, na kila alipogeuka alimkuta Kifungo anatazama kifua chake, kisha mlango. Si huyu. Bado si huyu. Mkewe aliendelea kulazwa, presha yake ikaanza kutulia. Siku Ndevu alipomwambia ukweli alilia, halafu akataka kukiona hicho kidevu, lakini kilikuwa kimeshaanza kujificha.

Asubuhi moja isiyo na lolote, hata mteja hakuna, Ndevu alikuwa benchini anapangusa vichana. Kifungo alitoka nyuma ya pazia. Akasimama. Akaweka kiganja kwenye shavu la kulia, kiganja kwenye shavu la kushoto, akashuka taratibu mpaka ndevu zinapoishia.

"Baba," akasema. "Umechelewa."

Ndevu alilipuka. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Alimnyanyua, akacheka, akalia, na maneno yote aliyokuwa ameyafungia yakatoka kwa mkupuo. "Mama yangu, samahani, nimechelewa, nilijua utanijua, nilimwambia mama mkubwa, nilimwambia daktari, mama yako akisikia, Mungu wangu, twende tukampigie simu sasa hivi!" Nyusi zilicheza, mikono ikachora hewani, mdomo ukaenda kama zamani.

Kifungo alifumba macho. Alijinyoosha mikononi mwa baba yake mpaka akashushwa. Akazunguka kiti, akachungulia nyuma ya pazia, akaenda mlangoni akatazama barabara huku na huku.

"Unatafuta nini, mama? Baba si yupo hapa?"

"Mtu ameenda wapi?"

"Mtu gani?"

"Yule wa polepole," Kifungo akasema, akiwa bado ametazama nje. "Yeye akisema, mimi namsikia."

Ndevu alibaki amesimama katikati ya chumba, furaha yake yote imemganda usoni. Kisha akaketi benchini, akaacha nafasi pembeni yake, akatuliza nyusi. Alisubiri mpaka Kifungo alipokuja kukaa. Neno la kwanza likaja, akalishika kidogo mdomoni, ndipo akalisema.